Barua ya wazi kwa wenye maduka ya mtandaoni: jaribuni malipo yanayokwama

Ndugu wafanyabiashara mnaojiandaa kuuza mtandaoni, nanyi mafundi mnaowajengea,

Kazi yangu ni kupokea simu za wateja wa maduka ya mtandaoni, na mara kwa mara huitwa kuyajaribu maduka hayo kabla hayajafunguliwa. Nina ombi kwenu. Nalileta hadharani kwa sababu nimelisema faraghani mara nyingi na halikushika. Mkijaribu duka, mnajaribu malipo yanayofaulu. Yanayokwama mnawaachia wateja wayajaribu wenyewe, kwa pesa zao.

Siku ya majaribio naijua inavyokwenda. Fundi anaweka bidhaa kwenye kikapu, anaandika nambari yake ya simu, na simu yenyewe iko mezani, ina chaji, ina salio, imeshika mtandao wa ofisi. Ombi la malipo linachomoza, anaingiza nambari ya siri, ukurasa unaandika asante kwa kununua kwetu. Watu wanapongezana, mwenye duka anauliza tutafungua lini. Hapo kilichothibitishwa ni kwamba fundi, akiwa ofisini kwake, anaweza kununua.

Mteja wenu hayuko ofisini humo. Yuko ndani ya matatu, mtandao unakuja na kupotea. Ana laini mbili, na ile ya M-Pesa siyo ile yenye bando. Ana shilingi 2,870 na viatu ni 2,850, lakini paybili yenu inamtoza mlipaji ada, kwa hiyo salio halitoshi na yeye hajui kwa nini. Au amepigiwa simu na dada yake sekunde ileile ombi la malipo lilipofika. Hawa ndio wanunuzi wa kawaida. Fundi aliye mezani ndiye mnunuzi wa nadra.

Niwape kisa kimoja. Duka sitalitaja. Mama mmoja wa Mtwapa aliagiza sare na viatu vya mwanawe wiki ya kufungua shule, jumla shilingi 4,350. Aliagiza kwa simu ya binti yake, ila laini yake ya M-Pesa iko kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe. Akaitafuta kabambe, akavaa miwani, akaingiza nambari ya siri, na ujumbe ukamjia kwamba pesa imelipwa. Kwenye simu ya binti, ukurasa ulikuwa bado unazunguka, kisha ukaandika: malipo hayakufaulu, jaribu tena. Akatii. Akajaribu tena, na kwa kuwa salio halikutosha mara ya pili, Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio, ikajazia. Pesa ikaenda mara mbili na oda haikuonekana hata moja.

Aliponipigia, alinipigia kwa kabambe ileile, na kwenye simu ya namna hiyo ni shida kusoma ujumbe huku unaongea. Ikabidi akate, aufungue ujumbe, anakili nambari ya muamala kwenye daftari la mtoto, anipigie tena na kunisomea herufi moja baada ya nyingine. Akifika penye duara anasita: hii ni sifuri au ni O? Tunarudia. Salio la simu ni lake, deni la Fuliza linalokua kila siku ni lake, na shilingi 8,700 ziko kwenye akaunti ya duka. Pesa ya ziada ilirudi shule ikiwa imeshafunguliwa.

Kilichotokea ndani ya mitambo ni jambo dogo, na mafundi mtalielewa mara moja. Duka lilipeleka ombi kupitia Daraja, lango ambalo Safaricom iliwafungulia watengenezaji wa programu mwaka 2017. Daraja hujibu papo hapo kwamba ombi limepokelewa, na kulipatia nambari yake ya utambulisho. Jibu hilo halisemi kwamba pesa imelipwa. Matokeo yenyewe huja baadaye, yanaletwa kwenye anwani ya seva mliyoitoa, baada ya mteja kuweka nambari ya siri au kughairi. Fundi wa duka lile alikuwa ameupa ukurasa sekunde 30 za kusubiri. Mama alichukua muda zaidi kwa sababu ya kutafuta simu na miwani. Ukurasa ukatangaza kushindwa, oda ikafutwa, na matokeo yalipofika yakisema pesa imelipwa, hayakukuta oda ya kuyapokea.

Jaribio ambalo lingelifichua kosa hilo halitaki utaalamu wowote. Ombi likichomoza, iweke simu chini. Hesabu polepole hadi hamsini. Kisha ndipo uingize nambari ya siri, uone duka litasema nini. Ukurasa ukisubiri ukachoka, uandike kwamba malipo bado yanathibitishwa na mteja asilipe tena, na nyuma ya pazia duka liende lenyewe likaiulize Daraja hali ya ombi lile. Njia ya kuuliza ipo. Hakuna sababu ya kumtuma mteja alipe mara ya pili kabla hamjajua ya kwanza imeishia wapi.

Malipo yasipofaulu, Daraja hueleza sababu kwa nambari. 0 ni kwamba yamefaulu. 1 ni salio halitoshi. 2001 ni nambari ya siri imekosewa. 1032 mteja ameghairi mwenyewe. 1037 simu haikufikiwa, au mteja hakujibu kwa wakati. Kila moja ina dawa yake, na mteja anaihitaji dawa hiyo sasa hivi, kwa lugha anayoielewa. Aliyepungukiwa salio aambiwe salio halitoshi na kikapu chake kimehifadhiwa. Aliyekosea nambari ya siri aambiwe hakuna pesa iliyokatwa. Ambaye simu yake haikufikiwa aambiwe aangalie kama laini iko hewani. Lakini duka baada ya duka naona sababu zote nne zimefungwa ndani ya sentensi moja: hitilafu imetokea. Anayesoma hivyo huku akiwa ametoka kuingiza nambari yake ya siri huamini ameibiwa, nami ndiye ninayemsikia sauti ikitetemeka. Basi zitokezeni hizo sababu zote makusudi. Tafuta laini isiyo na pesa. Kosea nambari ya siri. Ghairi. Zima simu kabisa. Kila mara angalia ukurasa umeandika nini, oda imewekwa katika hali gani, na bidhaa imerudi kwenye hesabu ya ghala au imebaki imeshikiliwa na mnunuzi ambaye hayupo.

Kwenye kadi hali ni hiyohiyo. Kampuni za malipo hutoa nambari za kadi za majaribio. Stripe, kwa mfano, ina 4242 4242 4242 4242 kwa malipo yanayofaulu na 4000 0000 0000 0002 kwa kadi inayokataliwa. Nimefanya kazi na mafundi wanaoijua ya kwanza kwa moyo na hawajawahi kuiandika ya pili.

Halafu kuna majaribio ambayo lazima fundi ayafanye mwenyewe, mwenye duka akiwa amekaa pembeni anaangalia. Zima seva ombi likiwa njiani, uiwashe baadaye. Matokeo yaliyokuja seva ikiwa imelala, msitegemee kwamba yataletwa tena. Je, duka litajua kuyafuata? Leta matokeo yaleyale mara mbili, uone kama zinazaliwa oda mbili. Jifanye tapeli, utume kwenye ile anwani ya kupokea matokeo ujumbe wa uongo unaosema pesa imelipwa. Kama duka linatoa bidhaa kwa ujumbe huo bila kuhakikisha, basi mlango wa ghala uko wazi kwa yeyote atakayeijua anwani. Badilisha bei ndani ya kivinjari, shilingi 18,000 iwe shilingi 1, kisha ulipe. Bei halali ni ile iliyo kwenye seva, na seva isiridhike na kusikia tu kwamba malipo yamefaulu bila kulinganisha kiasi.

Kulinganisha kiasi nako kuna mtego wa senti. Bidhaa ya shilingi 1,299 ikiongezwa VAT ya asilimia 16 inakuwa 1,506.84. Ombi la M-Pesa linataka shilingi kamili, kwa hiyo mteja analipa 1,507. Kama oda imehifadhi 1,506.84 na duka linataka viwili hivyo vilingane sawasawa, mteja amelipa na duka linasema hajalipa. Fundi aliyejaribu kwa bidhaa ya shilingi 10 bila kuongeza VAT hawezi kukutana na kosa hili. Jaribuni kwa bei za kweli, pamoja na punguzo, pamoja na ada ya kupelekewa mzigo.

Naomba pia mjaribu kwa watu wa kweli wa nchi hii. Tangu 2019 Kenya ina nambari za simu zinazoanza na 01, na mpaka leo nakutana na fomu zinazokubali 07 peke yake. Mtu wa 0110 anaambiwa nambari yake si sahihi, na yeye ndiyo aliyonayo. Andikeni Murang'a kwenye sehemu ya kaunti, andikeni Ng'ang'a kwenye sehemu ya jina, muone ile alama ya king'ong'o itafanya nini. Nimeona ikiangusha ukurasa mzima, na ukurasa unaoangushwa na alama moja mara nyingi huwa ni ukurasa ambao mtu mbaya anaweza kuingilia. Mnaouza samani na mitambo, kumbukeni muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000. Seti ya makochi ya 280,000 haiwezi kulipiwa kwa mkupuo, na duka linapaswa kulisema hilo mapema na kuonyesha njia nyingine, badala ya kumwacha mteja agonge kitufe akashangaa.

Saa ya seva nayo iangaliwe. Seva nyingi zinakwenda kwa saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ofa mliyotangaza kwamba inaisha saa sita usiku itaendelea hadi saa tisa usiku, na mauzo ya saa hizo tatu yataingia kwenye hesabu ya jana. Mhasibu wenu atahangaika mwezi mzima kutafuta tofauti ambayo fundi angeirekebisha kwa dakika chache.

Sisi watu wa pwani tuna ndugu wengi Ghuba. Kijana aliye Doha anamnunulia mama yake friji, mama yuko Malindi. Kadi ni ya huko, nambari yake ya simu inaanza na +974, mzigo unashuka Malindi, na anayepaswa kupigiwa ni mama. Duka lenye nafasi moja tu ya simu litamfanya dereva ampigie kijana Qatar, au litaikataa nambari yake kabisa na mauzo yamekwisha hapo. Wekeni nafasi ya anayelipa na nafasi ya anayepokea, kisha mwombeni ndugu yenu aliye huko anunue kitu kweli, kwa kadi yake mwenyewe. Hata hapa nyumbani mume hulipa na mke hupokea. Na mlipaji aweze kubadilisha nambari ya kulipia bila kikapu kumwagika. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ampe mnunuzi nafasi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa kabla ya kufunga mkataba. Jaribuni kurudi nyuma, kubadilisha saizi, kuondoa kitu kimoja, kisha muone kama jumla imefuata.

Wenzetu wa Dar es Salaam wanaosoma haya wana kazi zaidi, maana kwao mteja anaweza kuja na M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa. Kufaulu kwa mmoja hakuthibitishi mwingine.

Sasa nije kwenye kurejesha pesa, jambo ambalo limeniumiza kuliko yote. Nikiomba nionyeshwe pesa ikirudi kwa mteja, chumba kinanyamaza. Kila mtu amefikiria pesa ikiingia. Nani ana ruhusa ya kuirudisha kwenye akaunti ya biashara? Je, anahitaji mwingine aidhinishe, na huyo mwingine akiwa safarini? Mteja aliyenunua vitu vitatu akarudisha kimoja, mnaweza kumrudishia cha kimoja tu, na punguzo alilopewa mnalihesabuje? Kama risiti ya kodi ya eTIMS ilishatoka, nani anairekebisha? Haya yote mnaweza kuyajua kwa jaribio la shilingi 50. Nunueni kitu cha kweli kwa pesa ya kweli, Jumamosi jioni, kisha ombeni pesa irudi, na mhesabu saa ngapi zinapita mpaka simu ilie. Chochote mtakachokiona ndicho mtakachokuwa mnamfanyia mteja, na muda huohuo ndio muuandike kwenye ukurasa wenu wa masharti. Duka linaloahidi saa 24 wakati mwenye ruhusa huingia kazini siku za kazi tu linaniweka mimi kwenye simu niseme uongo, na sitaki kuusema.

Msidhani haya ni matatizo ya wadogo. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha akaunti za wateja wake wapatao milioni tano kutoka mitambo ya Lloyds kwenda mitambo mipya iliyojengwa na Sabadell, iliyokuwa ikiimiliki. Wateja hadi milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na wengine walijikuta wanaona akaunti za watu wengine. Kampuni ya mawakili ya Slaughter and May iliyochunguza ilieleza mwaka 2019 kwamba mitambo haikuwa tayari, na kwamba majaribio ya kupima uwezo wake yalifanyika kwenye kituo kimoja cha data wakati wateja wangehudumiwa na viwili. Desemba 2022 benki hiyo ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65, na mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wake wa teknolojia alitozwa faini yeye binafsi, pauni 81,620. Pesa hawakuzikosa, wala wataalamu. Kilichokosekana ni kukubali kwamba sehemu ambayo haijajaribiwa haijulikani.

Wenye maduka, haya niwaambie ninyi hasa. Msimlipe fundi awamu ya mwisho kwa sababu amewaonyesha ukurasa wa asante. Andikeni kwenye mkataba kwamba awamu hiyo inalipwa baada ya kuona malipo yaliyokatika, yaliyochelewa, yaliyoghairiwa, yaliyorudiwa na yaliyorejeshwa, yote mbele ya macho yenu. Lakini nanyi mlipie siku za kazi hiyo. Mnampa fundi wiki tatu za kujenga na jioni moja ya kujaribu, kisha mnamlaumu. Mafundi nao wasijaribu kwa orodha ya wateja halisi mliyoitoa duka la zamani. Majina na simu za watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ujumbe wa majaribio uliokwenda kwa bahati mbaya kwa maelfu ya watu haurudishiki. Na kabla ya kufungua, hakikisheni zile funguo za majaribio zimeondolewa. Nambari 174379 kila fundi wa Daraja anaijua, ni ya mazoezi, haina nafasi kwenye duka lililo hewani. Mnaotumia tili, kumbukeni ina nambari mbili, ya duka na ya tili yenyewe, na zikibadilishana nafasi malipo yanagoma. Lipeni shilingi 10 kwa simu yenu, kisha mfungue taarifa ya akaunti yenu wenyewe muone zimeingia.

Siku ya kufungua chagueni Jumanne asubuhi. Ijumaa jioni fundi amekwenda kwao, na mwisho wa mwezi kila mtu ananunua. Fundi awepo siku hizo za kwanza, simu yake iwe wazi. Yule mtakayemweka apokee simu za wateja mleteni mapema, akae kwenye majaribio, kwa sababu ndiye anayejua watu huuliza nini. Mpeni ukurasa wa kutafuta oda kwa nambari ya simu ya mlipaji au kwa nambari ya muamala, na ukurasa huo ukubali sifuri pale mtu alipoandika O. Na mpeni ruhusa ya kurejesha pesa yeye mwenyewe, hata kama ni mpaka shilingi 5,000 tu, bila kumsubiri bosi arudi Jumatatu.

Wenu katika kazi,
Mpokea simu za wateja, Mombasa